Siku Zagayu Walipomchagua Bwana Kengele

Ijumaa iliyopita nilikabidhi funguo za kabati la mafaili, na vijana wa masjala wakanipa redio ndogo, tukanywa soda, kisha wakaniomba niandike machache juu ya kazi ya ukarani. Sijui kama walitaka kweli au walikosa la kusema baada ya soda kwisha. Vyovyote vile, naandika. Vyeo na mishahara sitavitaja, maana hata vilipopanda mimi nilikuwa wa mwisho kuambiwa. Nitasimulia ile miaka yangu ya mwanzo tu, miaka ya hamsini, nilipokuwa karani mkalimani Bariadi, kwa sababu kuna jambo nililifanya wakati ule ambalo halimo katika faili lolote. Nimeshastaafu, hamuwezi tena kunifukuza.

Siku ya kwanza kazini sikushika kalamu, nilishika nyundo. Mfalme wa Uingereza alikuwa amefariki, na picha yake ilitakiwa ishuke ukutani ili ya binti yake ipande. Karani mkuu wetu, Mzee Maduhu, aliketi akinielekeza: kushoto, juu kidogo, hapana, umezidisha. Alikuwa mzee mwembamba mwenye koti moja na kalamu tatu mfukoni. Ya bluu ilikuwa ya kazi, nyekundu ya kusahihisha, na ya tatu haikuwa na wino kabisa. Hiyo aliishika wakubwa walipokuwa wakisema mambo yasiyostahili kuandikwa, ili waone kalamu inatembea na wafurahi.

Nikamuuliza, "Mzee, huyu mama kachaguliwa na nani?"

"Alichaguliwa na kifo cha baba yake," akasema. "Gonga msumari."

Huyo ndiye aliyenifunza kazi. Alinifunza kutia mate kwenye pedi ya mhuri wakati wa kiangazi wino unapokauka, na kuandika majina kwenye kitabu cha mahudhurio kabla ya kikao, kwa sababu wajumbe wakishaanza kubishana hutasikia jina la mtu. Juu ya ukalimani alinipa sheria moja tu: tafsiri ulichoambiwa, na usichoulizwa usijibu. Niliiona sheria nyepesi. Baadaye niliona kuwa karibu ugomvi wote wa ofisini ulitokana na mtu kujibu asichoulizwa.

Muda si mrefu akaletwa Bwana Shauri mpya, yaani DC, kijana wa Kiingereza mwenye soksi ndefu na Kiswahili cha vitabuni. Kiswahili chake kilikuwa safi kuliko chetu, na ndiyo sababu hakueleweka. Vijijini watu walizungumza Kisukuma, hivyo yeye alisema Kiswahili na mimi nikakigeuza. Asubuhi aliwasalimu watu "mwadila", ambayo ni salamu ya mchana, na mchana akawaambia "mwangaluka", ambayo ni ya asubuhi. Watu waliitikia zote mbili kwa heshima, wakidhani huko kwao Uingereza jua linatembea kinyume. Alikuwa na kengele ya shaba ya kuitia mikutano, na hakuiweka chini hata alipokula, basi wakamwita Bwana Kengele.

Huyu Bwana Kengele alikuwa mtu mwema. Nalisema wazi kwa sababu yatakayofuata yanaweza kumfanya aonekane mpumbavu, naye hakuwa hivyo. Aliletwa na agizo la kuunda baraza jipya la madiwani, na kila eneo lilitakiwa limchague diwani wake. Kabla ya kuchagua, agizo lilisema, watu wafundishwe tofauti ya demokrasia na tawala nyingine. Tukaenda Zagayu, tukawakusanya wazee katika banda la kununulia pamba, na Bwana Kengele akasimamisha ubao na kuchora safu tatu.

Safu ya kwanza: mtu mmoja anaamua, wengine wanamwogopa. Ya pili: mtu mmoja anaamua kwa sababu baba yake aliamua. Ya tatu: watu wote wanaamua, na mwenye watu wengi anashinda. Hii ya tatu, akasema, ndiyo iliyo bora, na serikali imeamua kwamba mtakuwa nayo.

Akasimama mzee mmoja mwenye ng'ombe wengi, jina lake Luhende, mtu wa kuongea taratibu. "Bwana ametuonyesha mazizi matatu. Tunashukuru. Sasa naomba kujua, Bwana DC mwenyewe yeye analala zizi lipi?"

Nikatafsiri. Bwana Kengele akachukua kitambaa, akapangusa vumbi lililokuwa pembeni ya safu ya tatu, akasema muda umekwenda. Mzee Maduhu alikuwa akiandika kwa ile kalamu ya tatu.

Sasa, wazee hawakuwa wamekuja kwa ajili ya safu. Walikuja kwa ajili ya maji. Serikali ilikuwa na katapila moja, na kiangazi kile ingechimba lambo moja tu kwa wilaya nzima. Mahali pa kuchimba pangeamuliwa na baraza jipya kwa kuinua mikono. Zagayu isipokuwa na diwani, haina mkono, haina lambo. Hilo walilielewa bila ubao.

Mimi nililielewa zaidi ya wote, kwa sababu Zagayu ndiko alikokuwa shangazi yangu, Minza, aliyenilea baada ya mama kufariki. Kiangazi wanawake wa huko walichimba mashimo katika mchanga wa mto mkavu, marefu kuliko kimo cha mtu, wakateremka na kibuyu na kusubiri maji yatokeze. Mwaka mmoja kabla ya hayo kuta za shimo zilianguka zikamfukia Holo, mke wa mwanawe. Shangazi alichimba kwa mikono. Alipomfikia alikuwa ameshakufa, na kibuyu bado kiko mkononi, kizima. Tangu siku hiyo shangazi hakuwaachia wasichana wa boma lake washuke. Alishuka yeye, na umri ule.

Wagombea walikuwa wawili. Mmoja ni huyo Luhende. Wa pili ni Sayi, mpimaji wa pamba, kijana mwenye baiskeli na kofia. Bwana Kengele akatangaza utaratibu, akaniambia nitafsiri polepole ili pasiwe na makosa. Uwanjani utachorwa mstari wa chokaa. Luhende atasimama upande huu, Sayi upande ule. Kila mwanamume mlipa kodi atasimama nyuma ya mtu anayempenda. Kengele italia mara tatu, na itakapolia mara ya tatu, mwenye watu wengi nyuma yake huyo ndiye diwani. Wanawake wakae nyuma ya banda.

Nilipomaliza kutafsiri niliona nyuso zimechangamka kupita kiasi. Kwa nyinyi msiotoka kwetu, lazima nieleze. Sisi Wasukuma tuna vyama viwili vikubwa vya ngoma, Wagika na Wagalu. Baada ya mavuno hushindana, uwanja mmoja, wakati mmoja, kila upande na ngoma zake na manju wake wa kuimbisha. Hakuna majaji. Watu huenda panapowapendeza, wakichoka huhamia upande wa pili, wanarudi, wanahama tena, na mwisho mwenye watu wengi ndiye mshindi. Wanawake na watoto wanahesabiwa sawa na mtemi, chifu wetu. Sasa Luhende alikuwa Mgalu na Sayi alikuwa Mgika.

Njiani kurudi Bariadi nikamwambia Mzee Maduhu, "Mzee, Bwana ametangaza mashindano ya ngoma."

"Nimesikia."

"Tumwambie?"

"Kakuuliza?"

Nikanyamaza. Hilo ndilo kosa langu la kwanza katika habari hii, na nililifanya kwa utii.

Siku ya uchaguzi tulikuta uwanja umejaa tangu alfajiri. Wagalu walikuwa na majembe mapya ya kurusha hewani, na Wagika walikuwa na chatu ndani ya kikapu. Bwana Kengele akaona ngoma akafurahi, akasema ni vizuri watu washangilie demokrasia. Akapiga kengele ya kwanza.

Wanaume wakajipanga vizuri kabisa, kila mmoja nyuma ya mtu wake. Mzee Maduhu akaanza kuhesabu upande wa Luhende. Alipofika katikati, manju wa Sayi akaanza wimbo mpya juu ya mtu aliyelipa kodi mara mbili kwa sababu alisahau kama alilipa, na nusu ya watu wa Luhende wakavuka mstari wakicheka. Mzee Maduhu akafuta, akaenda kuhesabu kwa Sayi. Hapo Wagalu wakarusha majembe juu, yote kwa pamoja, yakadakwa yote, na watu wakarudi kwa Luhende pamoja na wengine wa Sayi. Tukahesabu hivyo hadi saa tano. Mtu mmoja nilimwandika mara sita, na kila mara alinisalimu upya.

"Waambie wasihame," Bwana Kengele akaniambia. "Waambie mtu akishachagua amechagua."

Nikawaambia. Mzee mmoja akanijibu kwa upole, "Sasa karani, nikichagua mtu asubuhi, na mchana akawa hachezi vizuri, nibaki naye?"

Nikatafsiri hilo pia. Bwana Kengele akapiga kengele ya pili, kwa hasira. Ngoma zilikuwa zimekwisha kolea, na wanawake wakatoka nyuma ya banda, shangazi mbele, wakiingia na vigelegele. Bwana akawakimbilia kuwarudisha. Shangazi akanitazama akasema, "Mwambie ngoma haidai kodi." Sikutafsiri, maana hakuniambia nimwambie nani.

Hapo ndipo chatu alipotoka. Sijui kama Sayi alimfungulia au kikapu kilipigwa teke. Alitambaa kando ya mstari wa chokaa, polepole, akielekea zilipo soksi ndefu. Bwana Kengele alimwona akiwa amebakiza hatua tatu. Akaruka. Akashuka kwa mguu mmoja, akarukia mwingine, akarudi kinyumenyume akiinua magoti mpaka kifuani, na mkono wenye kengele ukawa unapiga bila yeye kujua. Wapiga ngoma wa pande zote mbili, kwa desturi yao ya kufuata mguu wa mchezaji mzuri, wakaudaka mdundo wake. Uwanja mzima ukapiga kelele ya furaha, ukamfuata. Akikimbilia kushoto wanamfuata, akigeuka kulia wanageuka naye, wakiinua magoti hivyo hivyo. Hata Luhende alikuwa nyuma yake, mzima na ng'ombe wake wote, akijitahidi kuinua magoti.

Bwana Kengele aliposimama, akihema, ngoma nazo zikasimama. Mzee Maduhu akachomoa kalamu ya bluu, akasoma matokeo. "Luhende: hakuna mtu, naye mwenyewe hayupo. Sayi: mtu mmoja na chatu. Bwana Kengele: Zagayu."

Bwana alicheka, kisha akaona hakuna mwenzake anayecheka. Wazee walikuwa wamekwisha kuketi kumngojea aongee, kama inavyompasa aliyechaguliwa. Akaniambia niwaeleze kwamba yeye hawezi kuwa diwani, yeye ni serikali. Shangazi akasogea mbele. Bado alikuwa na mchanga wa mto kwenye kucha.

"Ng'wanone," akaniambia, yaani mwanangu, "muulize. Alisema mwenye watu wengi kengele ya tatu ikilia. Imelia ama haikulia?"

"Imelia," Bwana akasema.

"Muulize, kumbe serikali haichaguliwi?"

Nikatafsiri neno kwa neno. Shangazi hakungoja jibu, akaendelea.

"Sisi mtemi mvua ikikataa tunamfukuza. Babu yake mtemi wa sasa alifukuzwa hivyo. Sasa huyu Bwana anatuamuru kila siku, leo tumempenda, anasema haiwezekani. Mwambie sisi hatutaki cheo chake. Tunataka lambo. Atatusemea au hatatusemea?"

Bwana Kengele alikusanya chokaa yake, tukaondoka. Ofisi ya juu ikaufuta uchaguzi, ikaagiza urudiwe. Tulikwenda Zagayu mara mbili na masanduku ya kura, na mara zote mbili uwanja ulikuwa mtupu. Mwanangwa, mkuu wao wa kijiji, alitukaribisha uji, akatuambia watu wake wanashukuru lakini wamekwisha kuchagua, hawaoni sababu ya kumsumbua mtu mara ya pili.

Mara ya pili hiyo, tulipokuwa tukirudi, Bwana Kengele alitaka kuyaona mashimo. Nilimpeleka, njiani nikamsimulia habari za Holo. Shangazi alikuwa chini, tukasikia kibuyu tu kikikwangua. Bwana akavua viatu, akateremka shimo la jirani peke yake, na kabla hajafika chini mchanga ukaporomoka ukamshika mpaka kiunoni. Tulimvuta mimi na shangazi, yeye akiwa na nguvu kuliko mimi. Bwana aliketi ukingoni, soksi zimejaa mchanga. Shangazi akampa maji kwenye kibuyu, maji ya rangi ya chai ya maziwa, naye akayanywa yote. Akauliza kwa Kiswahili, "Ni hapa alipokufa?" Shangazi akamwonyesha kwa kidole, pale pale alipokuwa amenasa.

Baraza likaanza vikao vyake Bariadi. Mwenyekiti alikuwa mmoja wa watemi, mtu mzito asiyepoteza maneno. Bwana Kengele aliketi meza ya pembeni kama mshauri. Washauri hawakuwa na kura, na hilo liliandikwa kwenye kanuni nilizozipiga chapa mimi mwenyewe. Kila kikao niliita majina ya maeneo. Nikiita Zagayu, panakuwa kimya, naandika "hayupo". Nilifanya hivyo vikao vitatu, na kila mara Bwana Kengele alikuwa akitazama kucha zake.

Kikao cha nne ndicho kilichokuwa cha lambo. Mashindano yalikuwa kati ya Zagayu na Shishiyu, eneo jingine lililokosa maji. Diwani wa Shishiyu alikuwepo, amevaa koti, amejiandaa. Nikaanza kuita.

"Shishiyu?"

"Nipo."

"Zagayu?"

"Nipo," akasema Bwana Kengele.

Nilidhani nimesikia vibaya, lakini alikuwa amesimama. Mtemi akakohoa. Mzee Maduhu, aliyekuwa pembeni yangu, akachukua kalamu ya tatu, akaitazama, akairudisha mfukoni.

Bwana hakuzungumza kwa muda mrefu. Alisema Kiswahili kilichovunjika kidogo, na kwa mara ya kwanza kila mtu alimwelewa. "Watu wa Zagayu walinichagua. Nilikataa. Nimeingia shimo lao. Mtu alikufa humo, na mimi nilikuwa karibu. Naomba lambo." Akaketi.

Diwani wa Shishiyu naye akasema yake, na yalikuwa ya kweli. Kisha mtemi akaita mikono. Nilihesabu Shishiyu. Nikahesabu Zagayu. Mikono ya madiwani ilikuwa sawa kwa sawa. Lakini kwenye meza ya pembeni kulikuwa na mkono mmoja juu, mwekundu kwa jua.

Kanuni niliijua. Sare ikitokea, mwenyekiti ndiye anaamua, na mwenyekiti alikuwa ameoa Shishiyu. Nilikuwa na kalamu ya bluu mkononi. Nilimkumbuka Holo, jinsi alivyokuwa akiniwekea viazi chini ya sufuria nikitoka shule. Nikauhesabu ule mkono. Nikaandika: Zagayu imeshinda kwa mkono mmoja.

Mtemi, ambaye nina hakika alikuwa akihesabu naye, akanitazama. "Karani. Umehesabu mikono yote?"

"Kila mkono ulioinuliwa, Mtemi."

Akaitazama tena ile meza ya pembeni. "Basi, andika."

Hilo ndilo nililolificha miaka yote hii. Nimekaa katika mafunzo mengi nikiwafundisha nyinyi kuhesabu kura kwa uaminifu, nami kura ya kwanza niliyoihesabu iliyokuwa na maana niliihesabu kwa uongo. Watu wa Shishiyu walikaa na mashimo yao misimu mingine miwili. Nawaomba radhi. Ningerudishwa pale mezani leo, ningeuhesabu tena ule mkono.

Katapila likaja, likachimba, na masika yakalijaza lambo. Lakini kabla halijajaa, ilikuja karatasi kutoka ofisi ya juu, Bwana Kengele akahamishwa mbali sana, mahali ambapo hata Mzee Maduhu hakuweza kutuonyesha kwenye ramani. Aliondoka na sanduku moja. Alinipa mkono, akanisalimu "mwangaluka", na ilikuwa asubuhi.

Nilikwenda Zagayu kulitazama lambo. Shangazi Minza alikuwa ukingoni, amesimama ndani ya maji mpaka vifundoni, hafanyi lolote, amesimama tu. Wasichana wa boma lake walikuwa wakiteka na kucheka. Akaniuliza diwani wao yuko wapi, mbona hajaja kuliona. Nikamwambia ameondolewa.

"Ameondolewa na nani? Sisi hatujakutana."

"Ilikuja karatasi, shangazi."

"Karatasi hiyo imetiwa saini na watu wangapi?"

"Mmoja."

"Mmoja," akasema shangazi, akanitazama mpaka nikainamisha kichwa.